Kesi ya Mhembano

Siku ile soko la Kibaigwa lilinyamaza. Anayelijua soko hilo atabisha, maana pale hata mvua ikinyesha madalali hupaza sauti kuishinda. Lakini saa nne asubuhi simu zilianza kuita mfululizo, watu wakasoma, wakasomeana, na makuli waliokuwa na magunia mabegani wakaganda nayo palepale. Tangazo lilikuwa fupi: kuanzia siku hiyo mahindi hayavuki mpaka bila kibali kipya, na utaratibu wa kukipata kibali hicho ungetangazwa baadaye.

Penina alikuwa katikati ya malori, ndani ya gauni la bluu na viatu vyeusi vya mahakamani ambavyo vumbi la mahindi lilikwishavigeuza rangi. Alikuja kumgongea mteja wake muhuri kwenye hati ya kiapo, si zaidi. Aliposomewa tangazo alitoa macho.

"Kwa kifungu gani?" aliuliza.

"Kwa kifungu gani?" iliuliza sauti nyingine nyuma yake, wakati uleule.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe, koti begani, tai nyekundu iliyojaa pumba. Wakatazamana, wakaangua kicheko katikati ya watu waliokuwa na huzuni, hadi dalali mmoja akawakaripia.

"Dada, wewe ni wakili," alisema kijana. "Hakuna mtu mwingine anayepewa habari ya msiba akauliza kifungu."

"Na wewe je, ni mganga?"

"Sostenes. Wakili, ofisi za mjini. Viatu vyako vinaomba huruma."

"Angalia tai yako kwanza. Mimi Penina, ofisi yangu iko Chang'ombe ya Dodoma, kati ya duka la vocha na mama wa chapati."

"Basi nipe namba, wakili msomi. Nikikipata kifungu nitakupigia."

Alimpa. Kabla basi halijafika Dodoma, simu iliita.

"Umekipata?" aliuliza Penina.

"Bado. Nimepiga kukwambia kwamba bado."

Penina alicheka peke yake, na abiria wa pembeni akamtazama kwa wasiwasi. Ndivyo ilivyoanza. Miezi minne baadaye Sostenes alikuwa akija Chang'ombe kila Jumapili baada ya ibada, anakunja mikono ya shati na kukoroga mlenda kwenye kichumba cha Penina nyuma ya ofisi, huku akimwita wakili msomi kwa sauti ambayo mawakili hawaitumii mahakamani. Penina alimpenda mpaka akajiogopa.

Kisha ikaja kesi. Mzee Kefa, mkulima na mfanyabiashara wa Kibaigwa, alikuwa ameahidi kuifikishia kampuni moja mahindi yake ng'ambo ya mpaka. Kibali hakikutoka, mahindi hayakwenda, kampuni ikamshtaki ikitaka mahakama impokonye ghala. Mzee Kefa alimchukua Penina. Kampuni ilikwenda kwenye ofisi ya mjini, na faili likamwangukia Sostenes.

Hawakuficha. Waliwaandikia wateja na mahakama kueleza kwamba wana uhusiano, na Penina alitania kuwa hiyo ndiyo barua yake ya kwanza ya mapenzi kupigwa muhuri wa mahakama. Kampuni haikupinga. Mzee Kefa alisema, "Mwanangu, wewe nitetee ghala langu. Moyo ni wako." Wakakubaliana kwamba habari za kesi hazitazungumzwa Jumapili.

Sasa sikilizeni jambo ambalo Penina alikuwa halisemi. Zamani hoja kama hizo zilimchukua wiki nzima maktaba. Siku hizi kanuni za biashara zinabadilika kila kukicha, leo mahindi, kesho alizeti, na wateja wanataka majibu kabla chai haijapoa. Kwa hiyo alijifunza kutumia akili mnemba, programu ya kwenye kompyuta unayoiuliza swali la sheria nayo inakujibu kama mtu aliyesoma vitabu vyote. Hakumwambia mtu. Kulikiri hilo mbele ya mawakili wenzake kungekuwa sawa na mpishi wa harusi kukiri kwamba pilau imetoka hotelini.

Wiki moja kabla ya siku ya kuwasilisha hoja, aliiuliza: muuzaji akizuiwa na amri ya serikali, ana kosa? Jibu lilikuja kabla hajameza mate. Hana kosa, na ilikwishaamuliwa hivyo katika kesi ya Mhembano, namba 47 ya mwaka 2011. Penina alipiga kelele ya furaha. Alijaribu kuifungua hukumu yenyewe aisome, mtandao ukasuasua kila siku, hadi siku ya mwisho. Saa ilikuwa tisa na nusu, na mwisho wa kuwasilisha hoja za maandishi ni saa kumi kamili. Akaiweka Mhembano kwenye aya ya tisa, akatuma.

Kesho yake alipokea hoja za Sostenes. Alianza kuzisoma akitabasamu, maana aliijua mikogo ya uandishi wake. Alipofika aya ya sita tabasamu lilimkauka. Mhembano. Namba 47 ya mwaka 2011. Isipokuwa kwa Sostenes, Mhembano ilisema muuzaji ana kosa na lazima abebe hasara yote.

Aliikumbuka Jumapili iliyopita, alipotoka kwenda kununua unga na kumwacha Sostenes jikoni peke yake, kompyuta ikiwa wazi mezani. Akapiga simu.

"Mpenzi," Sostenes aliitikia, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Usiniite mpenzi. Umefungua kompyuta yangu."

"Mimi? Penina, nilikuwa karibu kukupigia nikuulize hilohilo! Wiki iliyopita uliazima yangu kuchapa barua. Nimeiona Mhembano kwenye aya yako ya tisa. Umeichukua kwangu, kisha ukaigeuza."

"Niliigeuza? Wewe ndiye umeigeuza!"

"Uliipata wapi?"

Penina alisita. "Niliitafuta. Na wewe?"

Sostenes naye alisita. "Niliitafuta."

Kila mmoja alisikia mwenzake akidanganya, na kila mmoja akadhani anaujua uongo wenyewe.

"Nilikuamini jikoni kwangu," alisema Penina, na machozi yakamtoka bila ruhusa. "Usije tena Jumapili."

"Sawa, wakili Penina," alisema Sostenes, akakata simu. Jina lake mwenyewe lilimchoma Penina kuliko tusi.

Siku ya kesi Penina alivaa suti nyeusi na bendi nyeupe shingoni, akajipaka wanja kuficha macho yaliyovimba. Mzee Kefa alikuja na kanzu yake ya ibada. Sostenes alikaa upande wa pili akiwa amekonda, hakugeuka. Jaji, mama wa makamo mwenye miwani, alipekua karatasi muda mrefu.

"Mawakili," alisema taratibu, "nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi. Sijapata kuona kesi moja inayowatetea watu wote wawili. Mmoja ananiambia Mhembano inasema hivi, mwingine ananiambia inasema vile. Nimeitafuta nimechoka. Saa nane mchana kila mmoja aniletee nakala ya hukumu hiyo."

Penina hakuwa na nakala. Alijikaza mpaka kwenye masjala, kwa Anastazia, mtunza kumbukumbu aliyekuwa anamenya chungwa.

"Shikamoo mama. Naomba jalada namba 47 la mwaka 2011. Mhembano."

Anastazia alifuta mikono, akavuta daftari kubwa, akashusha kidole.

"Namba 47 ni mirathi ya shamba la zabibu. Mhembano hayumo, hata kama shahidi."

"Tazama tena, mama."

"Nimetazama. Na kwenye kompyuta pia nimetazama, maana mwenzako alikuja kabla hata hamjaingia mahakamani, akauliza hiyohiyo, akaondoka kama mtu aliyefiwa."

"Mwenzangu nani?"

Anastazia alinyoosha mdomo kuelekea mlangoni. Sostenes alikuwa amesimama pale.

Penina alipigwa na butwaa. Haipo! Hakuna aliyeiba, kwa kuwa hapakuwa na cha kuiba. Wiki tatu alikuwa amemlilia mwanaume kwa ajili ya kesi ambayo haikupata kusikilizwa na binadamu yeyote.

Walitoka nje kwenye varanda, upepo ukipeperusha vumbi uwanjani.

"Nani alikupa Mhembano?" aliuliza Penina kwa sauti ndogo.

Sostenes alitazama chini. "Mashine. Ofisini wametupa programu na kutukataza maktaba, wanasema tunachelewa. Nikaiuliza kama muuzaji ana kosa, ikaniambia analo. Niliona haya kukwambia."

"Mimi iliniambia hana."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Walitazamana kama watu waliokutana kwenye ajali. Penina alitaka kucheka, kikatoka kilio. Sostenes alinyoosha mkono kumfuta machozi, na hapohapo simu yake ikaita. Alikuwa bosi wake, na sauti yake ilisikika bila spika.

"Sikiliza. Hoja za yule binti ziliingia mahakamani kabla ya zetu. Mwambie Jaji Mhembano tuliinukuu kutoka kwake. Mzigo wote utabaki kwake, atafutiwa leseni, na ghala ni letu. Umenielewa?"

Sostenes alimtazama Penina, akakata simu, akaondoka. Uongo ule ungekubalika, kwa sababu kweli Penina alitangulia kutuma.

Saa nane Jaji aliingia. "Wakili wa mdai, nakala yako."

Sostenes aliinuka. Penina aliona midomo yake inafunguka, na ghafla akatambua kwamba angeweza kuishi bila leseni, lakini hakuweza kukaa pale amsikie akisema uongo ule. Akasimama kwa kishindo.

"Mheshimiwa Jaji, naomba nitangulie. Kesi ya Mhembano haipo. Niliiuliza programu ya akili mnemba, ikanipa, nami nikaiandika bila kuisoma. Kosa ni langu. Mzee Kefa hakujua. Naomba asiadhibiwe kwa uvivu wangu."

Mahakama nzima iliguna. Jaji alivua miwani.

"Na wewe?" alimuuliza Sostenes. "Uliitoa kwake?"

Mlango wa kujiokoa ulikuwa wazi kabisa. Mtu angepita bila hata kuinama.

"Hapana, Mheshimiwa," alisema Sostenes. "Nilidanganywa kivyangu na kuandika kivyangu. Nimeagizwa niseme niliitoa kwake. Si kweli."

Karani aliacha kuandika. Mwakilishi wa kampuni alitoka nje akibamiza mlango. Jaji alivaa tena miwani yake, akatoa amri. Hoja za pande zote zimeondolewa. Ziletwe mpya baada ya wiki mbili, kila hukumu ikiwa na nakala yake. Na majina ya mawakili wote wawili yatapelekwa kwenye kamati ya nidhamu.

Nje, kwenye ngazi, Penina alimkabili mzee Kefa na kupiga magoti. "Nisamehe, mzee wangu. Tafuta wakili mwingine."

"Inuka, mwanangu," alisema mzee. "Sijapata kuona wakili akijishtaki mwenyewe. Sijui nikucheke au nikulilie. Andika upya, na safari hii soma."

Sostenes alikuja akiwa na simu mkononi, uso umempauka. "Nimefukuzwa. Kwa ujumbe mfupi, Penina. Hata salamu hawakuweka."

"Ungeweza kusema uongo."

"Nilikuwa nimeshaamua kabla hujasimama. Ulinikatiza tu, kama kawaida yako."

Penina alimtazama huyu mtu aliyemwita mwizi, tai imepinda, kazi hana, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Nioe."

"Unasemaje?"

"Umesikia. Nioe."

Sostenes aliketi kwenye ngazi ghafla, mbele ya watu. "Penina, leseni zetu zote mbili zinaweza kufutwa kabla ya Pasaka. Tutakula nini?"

"Mahindi," alisema mzee Kefa, ambaye wala hakujisumbua kujifanya hasikilizi. "Yamejaa ghalani hadi mlangoni. Hayana pa kwenda."

Sostenes alimtazama mzee, akamtazama Penina aliyekuwa bado na vumbi magotini, akasimama na kumpangusa.

"Nitakuoa," alisema.