Lori la Nyati na Kampuni Mpya

Kila siku ya safari, kabla ya kwenda shule, Maua alijaza petroli ya akiba katika debe la lori. Aliipenda kazi hiyo kuliko kufagia uwanja, kwani hakuna msichana mwingine hapo mtaani Kanyenye, Tabora, aliyeruhusiwa kugusa pipa la petroli. Baba yake, Fundi Omari, alikuwa dereva na fundi wa lori la chama cha warina asali, na lori lenyewe lililala uani kwao.

Lilikuwa lori jipya, aina ya Nyati, lenye kichwa cha nyati wa chuma mbele. Miaka ile ya Waingereza, malori ya Nyati yalisifiwa sana na watu waliobeba asali na nta kutoka misituni hadi stesheni ya Tabora. Lakini mwaka uliotangulia, kiwanda cha Nyati huko Ulaya kilikuwa kimenunuliwa na kampuni nyingine. Wenye maduka walinong'ona kwamba jina limebaki, chuma kimeondoka. Fundi Omari hakuwasikiliza. Aliwaambia wanachama, "Nunueni Nyati, namjua vizuri." Wakanunua.

Haukupita muda lori likaanza kuzima njiani. Mara ya kwanza lilizima kwenye njia ya Urambo, ile waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani, na utani ukaanza hapo hapo: wapagazi walifika kwa miguu, Nyati hajafika! Mara ya tatu lilizima likiwa na shehena ya asali, na treni ikaondoka bila mzigo.

Mzee Masolwa, mwenyekiti wa chama, akaja nyumbani. "Fundi, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu ulimtembeza wewe mwenyewe! Nyati wa siku hizi ni ndama." Kisha akaacha kucheka. "Jumamosi tunakutana hapa. Wengi wanataka lori lirudishwe kwa wakala, na kazi apewe fundi mwingine. Sikufichi, ndugu yangu."

Alasiri hiyo Fundi Omari alifungua kabureta. Kitundu cha kupitishia petroli kilikuwa kimezibwa na kitu cheupe, laini.

"Tazama, mwanangu," alisema kwa uchungu. "Rangi ya ndani ya tangi inabanduka. Kampuni mpya imepaka rangi ya ovyo. Kumbe watu walisema kweli! Jumamosi nitawaeleza kwamba nilidanganywa."

Alimwekea Maua kile kitu kiganjani. Maua alikinusa. Haikuwa rangi. Ilikuwa nta.

Wiki tatu nyuma debe la petroli lilikuwa limetoboka. Baba alimwagiza achukue jingine, alioshe kwa sabuni na maji ya moto, kisha alianike. Uani palijaa madebe ya kugandishia nta. Nta ikigongwa hutoka nzima kama tofali, lakini mabaki hubaki pembeni na chini. Siku hiyo rafiki yake Tekla alikuwa akimsubiri wakacheze rede, basi Maua akalifuta debe kwa jani la mgomba tu. Alijiambia kwamba nta haichanganyiki na maji, na petroli ni maji tu yenye harufu kali. Masikini, hakujua kwamba petroli huiyeyusha nta, ikaingia nayo tangini, kisha nta ikaganda tena kwenye kabureta!

Kesho yake alimweleza Tekla.

"Nyamaza tu," Tekla alimshauri. "Kampuni iko Ulaya, haitakuja kukuchapa."

"Na baba je?"

"Si amesema alidanganywa? Watamhurumia."

Ushauri huo ulikuwa mtamu, na Maua aliushika siku mbili nzima. Lakini kila alipoliona lile debe, aligeuza uso.

Jumamosi wanachama walijaa barazani. Fundi Omari alisimama, akakohoa. "Ndugu zangu, nimegundua kwamba kampuni mpya..."

"Baba, usiseme!" Maua alijitokeza mlangoni, machozi yakimtiririka. "Shikamooni, wazee wangu. Kosa ni langu. Debe la petroli lilikuwa la nta. Niliambiwa nilioshe, sikuliosha."

Akafungua kiganja kuwaonyesha kilichotoka kwenye kabureta. Mzee Masolwa alikitia kile kitu cheupe kwenye kijiko, akakipasha juu ya moto wa kibiriti. Kikayeyuka, harufu ikapanda. Wazee wale walikuwa wamekulia mizingani, hawakuhitaji kuambiwa.

Fundi Omari aliosha tangi na kabureta kwa petroli safi, wote wakimtazama. Lori likawaka. Likaenda stesheni na kurudi mara mbili bila kukohoa.

"Basi Nyati wa sasa ni yule yule?" Mzee Masolwa aliuliza.

"Hapana," Fundi Omari alijibu. "Bati lake ni jepesi kuliko la zamani, na kitasa cha mlango kimeshakatika. Hapo kampuni mpya imepunguza, na nitamwambia wakala. Lakini injini ni ile ile."

"Basi lori libaki," alisema Mzee Masolwa, "na fundi wetu abaki nalo."

Watu walipoondoka, Maua alisimama akingoja fimbo. Baba yake alimkalisha kando yake.

"Kutoosha debe ni kosa, na kunyamaza ni kosa kubwa zaidi. Lakini mimi ni mtoto wa mrina asali, Maua. Nta ilikuwa mkononi mwangu na sikuinusa, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuwalaumu watu walio mbali. Bila wewe ningesema uongo mbele ya wenzangu wote. Mwanangu, tuchunguze kwanza, kisha tulaumu. Na kosa likiwa letu, tuliseme mapema, kabla halijamwangukia asiyehusika."

Maua alifuta machozi. "Adhabu yangu ni nini, baba?"

"Madebe yote ya uani yaoshwe kwa sabuni na maji ya moto. Yapo arobaini." Fundi Omari alikunja mikono ya shati. "Ishirini yako, ishirini yangu."