Nani Aliyeiuza Harribeltz

Siku ya maonyesho ya bia, uwanja wa Lekeitio, mji mdogo wa pwani, haukuwa na pa kukanyaga. Oktoba ilikuwa imeingia, wageni wa kiangazi wameondoka na kelele zao, na wenyeji walibaki kuonja bia za msimu zinazopikwa vijijini. Garazi alikuwa ametoka majini kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, nywele bado mbichi, sweta ya kaka yake imemfika karibu na magoti. Akarudi nyuma kumpisha mama mwenye kigari cha mtoto, akamkanyaga mtu.

"Samahani, dada."

"Nimekukanyaga mimi, mbona unaomba radhi wewe?"

"Ili uone aibu, uninunulie bia."

Alikuwa pande la mtu, ndevu nyekundu, aproni ya ngozi imelowa povu. Jina lake Beñat. Bia ilikuwa yake mwenyewe, na nyuma yake lilisimama gari lake la kijani lililochorwa nyangumi ubavuni. Akammiminia kidogo. Garazi akaonja, akakunja uso.

"Chungu!"

"Tulia kwanza."

Akatulia. Uchungu ukapita, ukabaki utamu wa ganda la mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Akaomba nyingine, na kabla jua halijazama walikuwa wamepeana namba.

Tangu hapo simu haikulala.

"Uko wapi, samaki wangu?"

"Kazini, naziba nyufa za mbao za watu za kutelezea mawimbini. Nimejaa vumbi mpaka kwenye kope. Na wewe, mzee wa mapipa?"

"Nakuwaza tu."

"Mwongo wewe!"

Alisema kwa utani, lakini ndivyo Garazi alivyokuwa: kitu kizuri kikimjia, anakigeuza chini juu kutafuta kasoro. Hata hivyo alipenda, akapenda kweli. Akapenda mpaka akamwonyesha Harribeltz.

Harribeltz ni kijighuba chini ya mashamba. Wimbi lake huamka vuli tu, na likiamka, hutataka tena kupanda ubao mahali pengine. Wanaolijua walikuwa watu saba, na sheria yao ilikuwa moja: humleti mtu, humtajii mtu. Gari unaliacha mbali, kanisani, unapita mashambani kwa miguu, ubao kwapani. Oier, kaka yake Garazi, aliposikia alibwata.

"Umempeleka mpika bia Harribeltz? Una akili wewe?"

"Ni mtu wangu, Oier."

"Mtu wako kazi yake ni kaunta. Kwenye kaunta watu wanaropoka."

Jumamosi moja asubuhi ndugu hao wakashuka Harribeltz, wakakuta maji yamejaa vichwa. Wafaransa, watu wa Madrid, hata mmoja na mbwa wake. Oier alimtazama dada yake tu, na hiyo ilitosha. Wale saba wakatangaza kwamba Beñat ameropoka, na jioni ile baa zote za mji zikakataa bia yake.

"Mpenzi, hata Maixabel wa baa hataki bia yangu," Beñat alilalamika kwenye simu. "Kuna nini?"

"Jiulize."

"Nijiulize nini?"

"Harribeltz. Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu, Garazi. Naapa."

Ah, lakini shaka ikishaingia! Garazi akaanza kukumbuka. Mbona Beñat hutoka nje kupokea simu? Mbona siku moja alicheka sana na Mfaransa mmoja? Mbona simu yake huilaza kifudifudi mezani? Usiku hakupata usingizi, na kulipokucha alikuwa ameshapanga mtego.

"Nisamehe, nilikasirika," alimwambia kwenye simu, sauti ya asali. "Kuna ghuba nyingine, chini ya kile kiwanda cha zamani cha samaki. Hakuna anayeijua. Twende kesho asubuhi. Usimwambie mtu."

"Nitakuja na kifungua kinywa, malkia."

Pale kiwandani hapajawahi kuumuka wimbi tangu dunia iumbwe. Kesho yake asubuhi Garazi na Oier wakajilaza juu ya jabali, kwenye nyasi zilizolowa.

"Sasa utaona magari yatakavyomiminika," Oier alisema.

Likaja gari moja tu, la nyangumi. Beñat akateremka peke yake, chupa ya kahawa mkononi na mikate miwili iliyofungwa kwenye kitambaa. Akakaa juu ya jiwe. Akatazama bahari iliyolala kama maji ya beseni, akatazama njia. Mvua ikaanza. Akavua koti, Garazi akadhani anajifunika kichwa, kumbe anaifunika mikate. Akapiga simu. Ikatetemeka mfukoni mwa Garazi, naye hakuipokea.

"Basi, yatosha," Oier mwenyewe alisema. "Shuka."

Garazi hakushuka. Alijionea aibu. Beñat alikaa pale mpaka kengele ya mchana, ndipo akaondoka.

Garazi alikwenda moja kwa moja baa kwa Maixabel, mama mtu mzima asiyepitwa na neno. Maixabel akamsukumia dagaa na pilipili za siki, akamkazia macho.

"Mwanangu, mnamwonea kijana wa watu bure. Wale Wafaransa walikuwa hapa wanajisifu. Eti waliliona gari la nyangumi limeegeshwa kule juu kwenye lango la shamba, suti ya mpira inaning'inia mlangoni inachuruzika maji. Wakafuata kinjia, wakafika."

"Siku gani?"

"Ile ya mvua ya mawe."

Garazi akaisukuma pembeni sahani ya dagaa. Siku ile gari lake lilikataa kuwaka, akaazima la Beñat. Alichelewa, mvua inapiga, akajisemea: la kwangu kila mtu analijua, ndiyo maana nalificha, hili ni la bia, nani atashtuka? Na hakuna mnywaji wa pwani ile asiyelijua gari la nyangumi!

Akampigia. "Beñat, ni mimi niliyewaonyesha Wafaransa njia. Kwa gari lako."

"Sawa," alijibu taratibu. "Na leo? Nimekusubiri sana."

"Nilikuwa juu jabalini. Ulikuwa mtego."

"Ulikuwa unanitazama?"

"Ndiyo."

"Ninavyonyeshewa?"

Beñat akakata simu, na tangu hapo hakupokea tena. Zikaja habari kwamba anafunga vitu vyake arudi kwao milimani, Tolosa.

Jumapili mchana, watu wametoka kanisani na baa ya Maixabel imefurika, Beñat aliingia kuchukua pipa lake la mwisho. Alilitia begani bila kumtazama mtu. Garazi akapanda juu ya kiti.

"Jamani, nisikilizeni! Harribeltz niliiuza mimi. Niliegesha gari langoni, kwa uvivu wangu. Huyu hakusema neno, nikamsingizia, nanyi mkamnyima riziki."

"Garazi, shuka," Oier alinong'ona.

"Sishuki!"

"Basi majini usikanyage tena," mmoja wa wale saba alifoka.

"Sawa, sikanyagi." Na alilipenda wimbi lile kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho.

Beñat aligeuka, pipa bado begani. "Umemaliza?"

"Bado. Nisamehe."

"Na kesho ukipatwa na shaka nyingine? Utapanda jabali gani?"

"Nitakuuliza. Nitakuuliza wewe, usoni."

"Haya, niulize sasa. Chochote kilichokukaa rohoni."

Alikuwa nayo mengi. Simu za nje, kicheko na yule Mfaransa, yote aliyoyapanga usiku ule. Akayatafuta, hakuliona hata moja.

"Kwa nini ulisubiri muda wote ule? Kwenye mvua, bahari imelala, sipokei simu?"

Beñat akamtazama kana kwamba ameulizwa jina la mama yake mzazi.

"Si ulisema unakuja?"

Garazi akaangua kilio pale pale juu ya kiti, mbele ya kila mtu, na Beñat akalitua pipa chini.