Picha ya Kuondoka Nayo

"Hiyo usiichukue, dada. Itakupandisha presha."

Mkunga aligeuka, boksi la printa kifuani. Duka la vifaa vya umeme lilikuwa limefurika watu wa mwisho wa mwezi. Walisukumana mbele ya televisheni, muziki ulipiga kelele za kupasua masikio, na feni za dari zilizungusha joto lile lile. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooka kwa pasi, kamera inaning'inia shingoni, viatu vimejaa vumbi.

"Kwani wewe ndiye muuzaji?"

"Hapana, mimi ni majeruhi. Niliwahi kuwa na kama hiyo. Rangi zote zimekaa kwenye kikopo kimoja. Nyekundu ikiisha, unatupa na buluu na njano zilizobaki. Kila ukigeuka, wino. Utakuwa umeolewa na printa, si na mwanaume."

Mkunga alijizuia asicheke. Alikuwa ametoka zamu, sare yake ya buluu imefichwa chini ya sweta, macho mazito kwa usingizi. "Haya, mtaalamu. Nichukue ipi?"

"Inategemea unataka kuchapa nini."

Alisita. "Picha. Ndogo ndogo. Za watu."

"Wanaocheka au walionuna?"

"Waliotulia," alisema, akaangalia pembeni.

Kijana akamwonyesha nyingine, pana kidogo, yenye matangi ya wino ubavuni, kila rangi na tangi lake. "Hii inatoa picha mpaka ukingoni bila kuacha ukanda mweupe. Wakikuambia ile ya pale ina kasi, waache na kasi yao. Na ununue karatasi ya picha yenyewe. Ukitumia ya ofisini, uso wa mtu utakunywa wino uwe tope."

Alimbebea boksi mpaka nyumbani, chumba kimoja cha ghorofa ya pili. Njiani mkunga akajua kwamba alikuwa mpiga picha wa harusi, na papo hapo akambandika jina: Bwana Harusi.

"Harusi ngapi sasa?"

"Za wenzangu, nimepoteza hesabu. Yangu, bado natafuta wa kusimama naye."

"Tafuta. Mji una watu wengi."

"Nimeshaacha kutafuta tangu saa ile pale dukani," alijibu, na safari hii mkunga alicheka hasa.

Hakumwambia printa ile ilikuwa ya kazi gani. Katika wodi ya uzazi alikofanya kazi walikuwapo watoto waliozaliwa wakiwa wameshakwenda, na wengine waliovuta pumzi kidogo wakaacha. Mama zao walitoka getini mikono mitupu. Mmoja aliwahi kumwomba ampige mwanawe picha kwa simu. Mkunga akampiga, kisha akaipeleka duka la picha mtaani. Mhudumu akaifungua kwenye kioo kikubwa mbele ya wateja, akamwita mwenzake, "Njoo uone kitu hiki." Mkunga alimpokonya simu yake akatoka. Akaapa kwamba picha za namna ile hazitapita tena mikononi mwa mtu mwingine.

Sista mkuu wa wodi alimruhusu kupiga na kuchapa mwenyewe, kwa sharti kwamba mama aombe mwenyewe. Mkunga naye aliongeza ahadi yake kwa kila mama: hataiona mtu mwingine, na ukishaichukua naifuta. Shuka za hospitali zilikuwa na mihuri, na hakupenda mtoto aonekane na muhuri, kwa hiyo aliwafunika kwa vipande vya kitambaa cha maua ya njano kilichobaki aliposhona mapazia yake.

Bwana Harusi alikuja kila Jumapili, eti kuikagua printa. Aliihamisha kutoka dirishani ("Jua na vumbi ni maadui zake"), akaifunika kitambaa, akamfundisha kuizima kwa kitufe chake kabla ya kuchomoa waya, ili kichwa cha wino kirudi mahali pake kijifunike.

"Na usiiache ikae bure, mpenzi. Kila wiki ichape japo ua moja lenye rangi zote. Ikikaa, wino unakauka kwenye vitundu."

"Kumbe ni kama wewe. Usipopigiwa simu siku mbili, unakauka."

"Mimi siku moja tu, laazizi."

Kila wiki aliichapisha kitu: machungwa sokoni, mkunga akiwa amefumba macho kwa kicheko, mkunga akiikimbia kamera na nywele zimesimama. Picha zilipotoka alizitandaza kitandani, akikataza kuzigusa mpaka zikauke. Na wakati wa kungoja zikauke, wapenzi hukosa la kufanya?

Jumapili moja, akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mkunga, Bwana Harusi alisema, "Mimi nataka watoto wanne. Wawili wafanane na wewe, na wawili... nao wafanane na wewe. Sura yangu tuiache."

Mkono wa mkunga ulisimama katikati ya nywele zake. "Chai imepoa," alisema, akanyanyuka.

Wiki iliyofuata karatasi zikakataa kupita. Bwana Harusi alifungua mlango wa nyuma wa printa, akaingiza vidole, akavuta taratibu. Akatoa nusu ya picha. Mkunga aliwahi kuivuta kwa pupa ikakatika, akadhani kipande kilichobaki kimetoka.

Kwenye nusu ile kulikuwa na mtoto mchanga, macho yamefumba, kofia kichwani. Mkono uliomshika ulivaa saa ya mkunga. Kitambaa alichofunikwa kilikuwa cha maua ya njano. Bwana Harusi alitazama picha, akatazama pazia.

"Huyu ni nani?"

"Nipe."

"Ni wako?"

"Nimesema nipe."

"Nimekuuliza jambo dogo, mpenzi. Kama una mtoto niambie. Nitampenda. Lakini yuko wapi? Mbona sijawahi kumwona? Umempeleka wapi?"

Mkunga aliiona sura ya mama wa mtoto yule, jinsi alivyomshika kiwiko akisema, usimwambie mtu. "Siwezi kukuambia."

"Huwezi au hutaki?"

"Vyovyote utakavyo."

"Mimi nakaa hapa nahesabu watoto wanne kama mpumbavu, wewe una wako umemficha!"

"Toka," mkunga alisema. Sauti ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka.

Alitoka. Alipiga simu siku ile, na kesho yake, na mkunga akaziacha zilie. Kwamba alimdhania mtu wa kutupa mtoto wake, hilo lilimkaa kooni. Baadaye simu hazikuja tena. Printa ilibaki chini ya kitambaa chake. Hata kuitazama hakutaka, sembuse kuichapisha ua.

Mvua zilianza, zikaisha. Asubuhi moja simu ikalia.

"Sista, ni mimi. Yule wa kitanda cha dirishani. Ulisema nikiwa tayari nikupigie." Alikuwa binti mdogo, aliyezaa mtoto wa kiume aliyeishi mpaka alfajiri tu. "Mume wangu ananihamisha mji. Basi linaondoka kesho asubuhi. Nataka kuondoka na mwanangu."

"Nitakuletea stendi, mdogo wangu."

Aliwasha printa. Picha aliyokuwa ameihifadhi kwenye simu ilitoka na michirizi myeupe, uso wa mtoto umegeuka kijani. Akaamuru printa ijisafishe. Ikakoroma, ikatoa nyingine mbaya zaidi. Alirudia mpaka tangi la wino mwekundu likakaribia kuisha, na bado hakuna wekundu uliofika kwenye karatasi. Alikaa sakafuni kati ya picha zilizoharibika, mtoto yule yule amekatwakatwa mistari, akalia. Kisha akapiga namba aliyoapa kutoipiga.

"Halo," alisema Bwana Harusi, kama mtu aliyeamshwa.

"Printa imekufa."

"Uliiacha ikae?"

"Niliiacha."

"Usiiguse. Nakuja."

Alikuja na chupa ya maji yaliyochujwa, kitambaa laini kisichoacha nyuzi, na glavu. Alikuwa amekonda. Mkunga alikuwa ameshazikusanya picha zote mbaya akazifunika. Bwana Harusi hakuuliza kitu. Alikichomoa kichwa cha wino, akakiweka juu ya kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu, akangoja wino mkavu ulainike. Doa jekundu likaanza kutambaa polepole.

"Nilikosea," alisema bila kuinua uso. "Si kuuliza. Namna nilivyouliza."

"Ulinidhania mnyama."

"Nilijidhania mjinga. Hasira ikaangukia kwako."

Mchana ulikuwa umeshapita pale kichwa kiliporudi mahali pake na karatasi ya majaribio ikatoka na mistari mizima, rangi zote.

"Sasa chapa yako," alisema Bwana Harusi. "Mimi nitageukia ukutani."

Mkunga alimtazama amesimama, uso ukutani, mgongo umelowa jasho. Akachukua simu, akampigia yule binti. "Mdogo wangu, kuna mtu hapa amenisaidia mashine. Nimemwambia ageuke. Nisingependa aone bila ruhusa yako."

"Ni mtu mzuri?"

Mkunga aliutazama ule mgongo. "Ni mzuri."

"Basi mwambie amwone. Amwangalie vizuri. Hakuna mtu aliyemwona mwanangu zaidi ya mimi na wewe. Hata baba yake alikataa."

Bwana Harusi aligeuka. Picha ilishuka kidogo kidogo: kofia, paji la uso, kope, midomo iliyokoza weusi. Alikuwa amewapiga picha maelfu ya watu, na alijua anachokitazama. Alishika ukingo wa meza.

"Ile ya siku ile..."

"Ilikuwa ya mwingine. Wapo wengi."

"Na wewe unakaa nao peke yako humu."

Mkunga aliitikia kwa kichwa.

Baadaye Bwana Harusi alisema, "Naweza kumpunguzia weusi wa midomo. Nawafanyia maharusi kila siku."

"Hapana. Ndivyo alivyokuwa. Mama yake alimbusu hivyo hivyo."

Kesho yake walikwenda stendi pamoja. Binti alikuwa amesimama kando ya mizigo, gauni limemlegea. Mumewe alipowaona akajifanya anafunga kamba za begi. Binti alifungua bahasha, akatazama. Hakulia. Alipitisha kidole juu ya kofia.

"Wewe ndiye uliyemwona?" alimwuliza Bwana Harusi.

"Mimi."

"Anafanana na nani?"

"Paji la uso ni lako, dada. Kabisa."

Binti akatabasamu kidogo, akaitia picha kifuani ndani ya gauni, akapanda basi. Mume akamfuata bila kuaga. Mkunga alitoa simu, akaifuta picha kama alivyoahidi.

Walitembea mpaka karibu na geti la hospitali, ambako zamu ilikuwa inamngoja. Pale Bwana Harusi akasimama.

"Nataka kukuoa."

"Usiniambie hayo leo."

"Leo ndiyo nina akili timamu."

Mkunga alishika nondo za geti. "Mimi naogopa kuzaa. Si woga wa kubembelezwa ukaisha. Nikimwona mwenye mimba anacheka barabarani, moyo unanilipuka. Wale wanne wako, labda hatapatikana hata mmoja. Sikukuambia kwa sababu nilijua utaondoka."

Gari la wagonjwa likaingia, wakasogea likapita.

"Napenda watoto, sitakudanganya," alisema. "Nitaumia. Kuna siku utaniona nimeumia na hutakuwa na la kunifanyia."

"Najua."

"Lakini nimekupenda wewe. Wao sijawahi kuwaona."

Mkunga alifuta macho kwa mkono wa sweta. "Basi Jumamosi njoo kwa mama. Ukamwambie hayo yote mwenyewe, na hilo la kwamba huenda hatapata mjukuu kwangu. Atalia."

"Nitamwambia."

"Na atakuchukia kidogo."

"Nitakaa mpaka amalize."

Ndani, mwanamke alikuwa anaita kwa uchungu. Mkunga aliubana mkono wa Bwana Harusi mara moja, akauachia, akaingia ndani kwenda kunawa.