Mkate wa Bure wa Preben

Kila Jumamosi asubuhi, Signe alipakia mikate ya mama yake kwenye kigari cha baiskeli na kuipeleka kibandani, kando ya barabara. Kibanda hicho hakikuwa na muuzaji. Mpita njia alichukua mkate, akatia sarafu za krona kwenye kopo, akaenda zake. Ndivyo watu wa kijiji chao, huko Denmark, walivyouziana viazi na mayai tangu zamani, na hakuna aliyeogopa kuibiwa.

Mama yake, Bodil, alipoteza kazi kiwanda cha samaki kilipofungwa. Serikali ikawa inamlipa posho nzuri, karibu sawa na mshahara wake wa zamani, na ilimruhusu kujaribu kuuza mikate michache. Sasa alitaka kuandikisha biashara kamili. Siku ambayo angeiandikisha, posho ingekoma na kodi ingeanza. Wangejibana kwa miezi kadhaa, na Signe asingekwenda kambi ya kiangazi na wenzake.

Jirani yao Preben aliona huo ni wendawazimu. Preben mwenyewe aliishi kwa posho ya maumivu ya mgongo, mgongo uleule uliompandisha juu ya paa kila antena yake ilipoyumba. Kazi aliyoiweza vizuri ni kuwacheka wanaofanya kazi.

"Bodil, uamke alfajiri ukande unga, upate kilekile unachopata ukiwa umelala?" alimwambia, huku akitafuna mkate ambao hakuulipia. "Hata kuku wangu hawezi kukubali hesabu hiyo."

Signe aliyaamini maneno hayo kwa sababu yalimfaa. Jumamosi iliyofuata hakufika kibandani. Aliificha mikate yote chini ya turubai kwenye banda la baiskeli, akitumaini kwamba mama ataona kopo tupu na kukata tamaa.

Jioni Bodil alirudi kutoka kibandani amenywea. Rafu zilikuwa tupu, na kopo lilikuwa tupu. Preben, ambaye hakukosa balaa la jirani hata moja, alikuwa ameshafika jikoni kumweleza kwamba watu wote ni wezi, ila wengine hawajapata nafasi.

"Nimewaamini watu hawa maisha yangu yote," Bodil alisema taratibu. "Basi. Jumatatu siandikishi kitu."

Signe alikuwa amepata alichokitaka. Lakini mama yake alisimama dirishani akiangalia nyumba za majirani moja baada ya nyingine, akijiuliza mwizi ni nani. Signe aliona aibu, akashindwa kuvumilia.

"Mama, hakuna aliyeiba. Mikate iko kwenye banda la baiskeli. Niliificha mimi, kwa sababu ya kambi."

Bodil hakumgombeza. Alimtazama kwa dharau ambayo Signe hakuwahi kuiona machoni mwake, na ilimuuma kuliko kofi.

"Mtoto ana akili kukuzidi," Preben alisema akicheka.

"Wewe nyamaza, Preben. Mdomo wako umejaa mkate wangu." Kisha Bodil akamgeukia binti yake. "Sikiliza, Signe. Posho ilitulisha kiwanda kilipofungwa, na siidharau. Nikianguka tena nitaipokea bila aibu. Lakini inatoka kwa watu wanaoamka kwenda kazini. Ni kama kibanda chetu, kinasimama kwa sababu wanaochukua wanatia pia. Posho ikikaribia mshahara, anayefanya kazi huonekana mjinga. Mimi nimekubali kuonekana mjinga. Na wewe utakubali kukosa kambi."

Jumatatu Bodil aliandikisha biashara yake. Signe alinuna siku mbili tatu, kisha akazoea kuamka mapema kumsaidia kukanda.

Jumamosi moja, Signe akiwa anapanga mikate rafuni, Preben alikuja. Alichukua mkate mkubwa kuliko yote, akajipapasa mifuko na kusema atalipa kesho.

Signe aliutoa mkate mikononi mwake, akaurudisha rafuni.

"Basi uje kesho, Preben," alisema.