Fungu la Mpangaji

Harufu ndiyo iliyomsimamisha dada mtu njiani. Bonde zima mizabibu ilikwisha kung'olewa, pamejaa nyumba mpya na yadi ya magari mabovu; sasa hii harufu ya zabibu zinazochacha ilitoka wapi? Alitafuta japo shina moja la utotoni mwake, hakuliona. Machozi yakamlenga.

Alikuja kumchukua mdogo wake, Kizibo, aliyebaki peke yake katika nyumba ya baba yao. Jirani alikuwa amempigia simu: njoo, mwenzio ananyauka.

"Kizibo, ndiyo umekuwa hivi? Huli?"

"Nakula, dada. Ni kazi tu."

"Kazi gani, na hapa hakuna hata zabibu moja?"

Akaonyesha kwa kidole chini, kwenye chumba cha mapipa.

Wapo watu, kazi huwaacha wao wasiiache. Marehemu baba yao alikuwa mtengeneza mvinyo, na kila jioni aligonga mapipa kwa vifundo vya vidole, juu hadi chini. Mlio mzito, limejaa. Mlio mwepesi, lina pengo. Maana mvinyo hupungua wenyewe, ufunge pipa utakavyo. Wenzake walisema unageuka mvuke na kupenya kwenye mbao. Yeye alisema ni fungu la mpangaji, jini aliyekuwamo mle kabla ya nyumba. "Mjazieni pengo lake, hatawagusa." Watoto walicheka, lakini walijaza.

"Mvinyo umekwisha, dada," Kizibo akanong'ona. "Yeye hajahama."

"Kwa hiyo unamjazia nini?"

"Nakaa naye tu. Nikipanda najisikia mwepesi."

Walishuka pamoja, mchana kweupe, na kila walivyoshuka ile harufu ilizidi kuwa nzito na ya uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyelala karibu, mpaka dada mtu akafika kwenye pipa la baba, ambalo mbao zake zilikuwa zimekauka na kuachana hata ukuta wa nyuma ukaonekana, akaligonga juu, akaligonga katikati, akaligonga chini, na kote likatoa mlio mzito wa pipa lililojaa hadi shingoni. Kisha ndani yake kitu kikapiga funda.

Hakungoja la pili. Alimbeba Kizibo mgongoni, yeye na magoti yake mabovu, akapanda ngazi bila kuhema. Wepesi ule wa Kizibo ndio uliomtisha kuliko lile funda.

Alikimbia naye hadi barabarani, akamketisha kwenye jiwe. Kizibo akaanza kukohoa. Dada akampiga mgongoni polepole, kama alivyomfanyia utotoni, na mgongo ukaitika kama pipa lenye pengo. Akakunja vidole. Akagonga mabegani: mwepesi. Mbavuni: mwepesi. Akashuka hadi kiunoni, analia, anatafuta mlio ubadilike.

Kizibo alijua vizuri alichokuwa anapimwa. Alitulia, kama mapipa yalivyotulia kwa baba.

"Kimebaki kitu, dada?"

"Kimebaki," alimdanganya. "Kimebaki kingi."