Cherehani ya Jirani

Kila siku akitoka shule, Kidoti aliosha vyombo vya asubuhi, akafua soksi zake na kuchambua maharage kabla mama yake hajarudi kutoka kazini. Alifanya kazi hizo uani, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba vilivyotazamana. Wapangaji walisalimiana harakaharaka, kisha kila mmoja akafunga mlango wake. "Mambo ya watu tuwaachie wenyewe," mama yake alizoea kusema. Kwa hiyo Kidoti hakumjua vizuri mama mshonaji wa chumba cha pili. Alijua mlio wa cherehani yake tu, uliopenya ukutani tangu asubuhi.

Alasiri moja, alipokuwa akianika soksi, wanaume wawili waliingia na mkokoteni. Walisimama kidogo mlangoni kwa mshonaji, wakiwa wamempa Kidoti mgongo, na mlango ukafunguka. Wakatoa godoro, furushi la vitambaa, halafu cherehani.

"Mdogo wangu, hebu tushikie geti," mmoja alimwambia kwa upole. "Mama anahama leo. Tunawahi mvua."

Kidoti akaacha soksi, akawashikia geti. Nje, fundi baiskeli aliyekuwa na kibanda chake ng'ambo ya barabara aliona kamba yao imelegea. Akaja kuikaza. "Nendeni polepole," aliwaambia. "Cherehani haitaki kurushwarushwa." Wakamshukuru, wakaenda zao.

Jioni mshonaji alirudi na mfuko wa nyuzi. Aliingia chumbani, akatoka, akaketi kizingitini.

"Shikamoo, mama," Kidoti alisema akimsogelea. "Kumbe hujahama?"

"Marahaba. Nani kakwambia nahama?"

Kidoti alimweleza habari za wale wanaume na mkokoteni wao. "Mimi ndiye niliyewashikia geti," alimalizia, machozi yakimtoka.

Fundi baiskeli, alipoitwa na kuelezwa, alivua kofia akaitazama mikono yake yenye grisi. "Na mimi nikawafungia kamba," alisema. "Tena nikaifunga vizuri."

Mama yake Kidoti alikuwa amekwisha kufika. Mshonaji aliwatazama wote, kisha akasema taratibu, "Ile cherehani ilikuwa ya binti yangu. Alipougua alinifundisha kuitumia, ili asipoinuka tena nisilale njaa. Hakuinuka."

"Naisikia kila siku, dada," mama yake Kidoti alisema, "wala sikujua kama ulifiwa."

"Ungejuaje? Mimi mwenyewe leo nimetoka bila hata kukuaga."

Polisi walikuja, wakauliza sura na mavazi ya wale watu. Kidoti alisema mmoja ni mrefu, fundi akasema wote ni wafupi. Cherehani haikuonekana.

Jumapili mama yake Kidoti alibisha mlango mmoja baada ya mwingine. Wapangaji walitoka na vigoda vyao, fundi baiskeli naye akaja. Kila mtu alijitambulisha, akaeleza kazi yake, wakapeana namba za simu. Walikubaliana kwamba anayetoka amuage jirani, na mgeni akija kuchukua kitu, mwenye chumba apigiwe simu kwanza.

"Mimi nalala mchana," alisema dereva wa lori. "Mkisikia ngurumo chumbani kwangu, msiite polisi, ni mimi nakoroma." Watu wakacheka. Mshonaji naye alitabasamu kidogo, kisha akainamisha uso.

Haukupita muda mrefu, mtu mmoja aliingia na mfuko wa vifaa. Alisema dereva wa lori amemtuma achukue televisheni akaitengeneze. Kidoti hakubishana naye. "Subiri kidogo, kaka," alisema, akavuka barabara hadi kibandani. Fundi baiskeli akampigia simu dereva, aliyekuwa safarini.

"Televisheni?" dereva alishangaa. "Mimi sina hata redio."

Majirani walikusanyika, wakamzuia yule mtu bila kumpiga mpaka polisi walipofika. Kituoni alikiri kwamba aliwajua wale wa mkokoteni. Cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa, tena vipandevipande.

Kidoti alikwenda kwa mshonaji siku ile ile. Alimkuta akipinda sketi kwa sindano ya mkono.

"Nisamehe, mama."

"Nilikwisha kukusamehe, mwanangu. Kumsaidia mtu si kosa. Kosa letu sote ni kuishi ukuta kwa ukuta bila kujuana. Mwizi hupenda mahali kama hapo, maana hakuna wa kumuuliza kitu. Kujuana kwetu hakutanirudishia cherehani, lakini leo kumemwokoa mwenzetu. Laiti tungeanza mapema." Akakata uzi kwa meno. "Sasa kaa hapa, uniulize habari za binti yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Kidoti akaketi mkekani karibu naye. "Alikuwaje, mama?" aliuliza.

Mshonaji akaweka sindano chini, akaanza kusimulia.