Theluthi ya Hasnaa

Mimi ni mtu wa kushuku. Nasema mapema ili usije ukanilaumu. Nilikuwa karani wa mahakama ya familia hapa Sefrou, Moroko, kwa miaka thelathini, na aliyesikiliza ndugu wakigombea kitanda cha marehemu miaka yote hiyo hata salamu huipokea kwa jicho la pembeni. Jina langu ni Zhor. Mtaani huniita Lalla Zhor kwa heshima. Nyuma ya mgongo wangu wanavyoniita ni juu yao.

Jirani zangu walikuwa Bouchta na mkewe Yamna. Bouchta alikuwa na tanuri la mkate la mtaa. Kila asubuhi wanawake walikanda unga majumbani, wakapanga mikate kwenye ubao, wakampelekea aioke. Yamna alikaa mlangoni akisuka vifungo vya hariri vya kushonea kanzu. Binti yao Hasnaa, mwenye miaka ishirini na miwili, alijua kila mkate ni wa nyumba gani. Bouchta alipoanza kuumwa mgongo, Hasnaa ndiye aliyeshika koleo refu la kuingizia mikate motoni.

Nasema binti yao, lakini Yamna hakujaaliwa kuzaa. Hasnaa walimchukua akiwa mchanga kutoka makao ya watoto, kwa kafala, yaani ulezi wa kisheria mbele ya hakimu. Mtaa mzima ulijua, na Hasnaa mwenyewe alijua. Tatizo ni kwamba mtoto wa kafala hulelewa, husomeshwa, hata jina la mlezi huweza kupewa, lakini harithi. Bouchta akifa bila wosia, Hasnaa hapati hata lile koleo.

Mwaka ule Abdelghani, mtoto wa marehemu kaka yake Bouchta, alianza kuja kutoka Fes kila baada ya wiki mbili. Zamani tulimwona sikukuu hadi sikukuu. Alikuja na koni ya sukari mkononi, kama ilivyo desturi, akambusu ami yake kichwani. Kisha akatembea karibu na tanuri akihesabu hatua.

"Unapima nini?" nikamuuliza.

"Nanyoosha miguu tu, Lalla. Safari ndefu."

Kutoka Fes hadi hapa ni nusu saa. Nikaliweka moyoni.

Siku chache baadaye Yamna aliingia kwangu bila hodi.

"Lalla Zhor, Bouchta anaoa."

"Anamuoa nani, na mgongo ule?"

"Usinicheke, shoga. Jumanne kavaa kanzu ya Ijumaa. Kanyoa ndevu. Katoa nakala nne za kitambulisho. Na mke wa muuza zeituni kamwona kasimama mlangoni kwa adli."

Hapo hata mimi nilikaa sawa. Adli ni waandishi wa hati za sheria, na kwetu hufanya kazi wawili wawili. Huandika mauziano na wosia, lakini watu wengi huwajua kwa ndoa tu.

"Hawezi kuoa mke wa pili kabla hakimu hajakuita wewe," nikamwambia.

"Sheria iko mahakamani, mimi niko nyumbani. Dalili ya mvua ni mawingu, Lalla."

Kesho yake alikuja tena, ameficha kitu chini ya shali. Ilikuwa karatasi. Aliikuta ndani ya sanduku la unga, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yamna hajui kusoma.

"Nisomee," akasema. "Mengine sitaki. Nitajie jina la mwanamke tu."

Nikavaa miwani. "Jina lake Hasnaa."

"Hasnaa gani?"

"Hasnaa wako. Hii si ndoa, Yamna. Ni wosia. Bouchta anasema akifa, nyumba, tanuri na shamba la mizeituni, vyote viwe vya Hasnaa."

Yamna alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikamkauka.

"Vyote? Na mimi kaniweka wapi?"

"Usihofu. Karatasi hii haikutoi wewe, na yeye haimpi kitu. Kaniitie mumeo."

Bouchta alikuja na unga kwenye nyusi. Aliiona karatasi mezani. Akamtazama mkewe, akanitazama mimi, akautazama mlango.

"Nani kaingia kwenye sanduku langu?"

"Mimi," akasema Yamna. "Nilikuwa namtafuta mke mwenzangu."

"Ukampata?"

"Nimemkuta mwanangu."

Bouchta akakaa. Nikamuuliza nani aliyemwandikia.

"Mwandishi wa barua, yule anayekaa na mashine yake ya kupiga chapa nje ya posta. Kisha nikaenda manispaa, nikatia saini mbele ya karani, akanigongea muhuri. Uone, Lalla, ule pale wa bluu."

Sisi watu wa hapa muhuri wa manispaa tunauamini kuliko macho yetu. Mtu akiuza pikipiki, muhuri. Akipanga chumba, muhuri. Tunadhani ukigongwa, basi maneno yote yaliyo juu yake yamekuwa sheria.

"Bouchta," nikasema, "muhuri huu unasema jambo moja tu, kwamba saini hii ni yako. Hausemi kwamba wosia ni halali. Wosia huandikwa na adli wawili. Au uandike mwenyewe kwa mkono wako, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, kisha utie saini. Huu umepigwa mashine na mtu mwingine. Abdelghani ataupinga asubuhi, na adhuhuri utakuwa umeanguka."

"Kwa adli nilikwenda," akasema kwa sauti ya chini. "Nikafika mlangoni nikarudi."

"Kwa nini?"

"Mzee wa ofisi ile ni mjomba wa mke wa Abdelghani. Siri ingefika Fes kabla mimi sijafika nyumbani."

"Adli wako wengi mjini. Na wana kiapo cha kutunza siri."

"Kiapo," akasema, kama mtu aliyeletewa samaki wa juzi.

"Kosa la pili ni kubwa zaidi. Umeandika vyote. Sheria inakuruhusu kuusia theluthi tu, basi."

Bouchta akapiga meza. "Theluthi? Mtoto huyu kanikanda mgongo, kaniwashia moto alfajiri baridi ikiuma. Abdelghani kaniletea sukari. Halafu nimpe theluthi?"

"Theluthi iliyosimama. Ukizidisha, ile ziada haipiti mpaka warithi wako wakubali, nawe ukiwa kaburini. Unadhani Abdelghani atakubali?"

Nikamweleza taratibu, maana hasira huziba masikio. Mtu akifa, kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni. Pili hutolewa wosia, usiozidi theluthi. Kinachobaki ndicho warithi hugawana. Yamna ni mrithi, na kwa kuwa Bouchta hana mtoto wa kuzaa, fungu lake ni robo ya kile kilichobaki. Hahitaji wosia, na kwa kawaida mrithi hausiwi. Baada ya Yamna, kilichosalia ni cha Abdelghani, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki katika ukoo.

"Basi mpe tanuri," akasema Yamna.

Tukamgeukia.

"Nyumba ina vyumba, nitakaa kwenye fungu langu. Lakini tanuri ndilo kazi yake. Abdelghani hajui hata kuni zinaingilia wapi."

Bouchta alimtazama mkewe. Nadhani alikuwa anatafuta mtego ndani ya maneno yale, na hakuupata.

Alhamisi adli wawili walikuja nyumbani, kutoka ofisi nyingine kabisa. Mmoja alikuwa mtu wa makamo, mwingine msichana mwenye mkoba.

"Na wewe binti, umemsindikiza nani?" akauliza Bouchta.

"Mimi ni adli, mzee wangu. Huyu ni mwenzangu."

"Nionyeshe kitambulisho."

Msichana akampa. Bouchta akakigeuza mbele na nyuma, akakishika juu ya mwanga wa dirisha, kisha akamrudishia bila kusema samahani. Wao nao wakaomba vyao: kitambulisho chake, hati ya nyumba, ya tanuri na ya shamba, na hati ya kafala. Kisha wakatutoa wote chumbani. Walitaka kumsikia mwenyewe, wajue kwamba ana akili timamu na hakuna aliyemlazimisha.

Tukakaa uani, mimi na Hasnaa. Yamna alikuwa jikoni akichemsha chai. Hasnaa hakuwa ameambiwa kitu, maana Bouchta alikuwa na siri zake.

"Lalla, wananirudisha?"

"Wanakurudisha wapi?"

"Makao. Kila anayekuja na mkoba wa karatasi, mimi hudhani kanifuata mimi. Tangu utoto."

Mtoto amelala nyumba ile miaka ishirini na miwili, na bado alikuwa na hofu ya kufukuzwa. Nikamwambia yote, nikamwambia asinitaje.

Tulipoitwa ndani, nilikuta Bouchta anabishana. Adli wamekataa kuandika "binti yangu wa kuzaa."

"Tunaandika: Hasnaa, aliye chini ya kafala yangu," akasema msichana. "Mzee wangu, uongo mmoja ukiingia kwenye hati, mwenye nia mbaya atautumia kuuangusha ukweli wote."

"Lakini ni binti yangu."

"Moyoni hakuna anayekupinga. Hapa tunaandika yale ambayo hakimu hawezi kuyatikisa."

Walilinganisha thamani. Tanuri peke yake halikufika theluthi ya mali yote, kwa hiyo lingeweza kwenda lote kwa Hasnaa. Wakamsomea kwa sauti, mara mbili. Akatia saini, nao wakatia zao. Baadaye hakimu akaithibitisha hati, ikaingizwa kwenye daftari la mahakama.

"Ukibadili nia ukiwa hai, tuite tena," akasema msichana akifunga mkoba. "Na nakala usiifukie kwenye unga. Wosia usiojulikana ulipo haumsaidii mtu."

Nakala moja akapewa Hasnaa. Nyingine ikawekwa kwangu.

Bouchta alifariki majira ya baridi ya pili. Abdelghani alimlilia ami yake, na kilio kilikuwa cha kweli, simnyimi haki. Lakini arobaini ilipokwisha, alikuja na kufuli jipya mfukoni.

"Hasnaa, pole sana," akasema. "Najua ami alikuandikia karatasi ya manispaa. Nimemwuliza mwanasheria. Haifai kitu."

Nikamuuliza karatasi ile aliijuaje. Alikuwa ameambiwa na mwandishi wa barua, yule wa nje ya posta. Marehemu aliwaogopa adli wenye kiapo, akaenda kumwaga siri yake barabarani.

Nikampa nakala ya adli. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaisoma tena.

"Hii ni ya kughushi."

"Namba ya daftari iko chini. Nenda mahakamani."

Alikwenda. Tulisubiri asubuhi nzima, Yamna akihesabu tasbihi, Hasnaa akioka kwa sababu watu lazima wale. Abdelghani alirudi adhuhuri, uso umemshuka.

"Ipo," akasema. "Tanuri ni lake."

Mengine waligawana bila kesi. Abdelghani alichukua shamba na sehemu ya nyumba, Yamna akabaki na vyumba viwili kwa fungu lake.

Jumatatu iliyofuata Hasnaa alikuja kwangu.

"Lalla, nikitangulia mimi, mama Yamna atanirithi?"

"Hapana. Kafala hairithishi upande wowote. Lakini wewe kijana, mambo haya ya nini?"

"Tanuri litakuwa la nani?"

"La mumeo na wanao, ukijaaliwa. Usipojaaliwa, ni la serikali."

"Na mama?"

"Kisheria, hana kitu."

Hasnaa akavua aproni yenye unga, akaikunja.

"Basi theluthi yangu iandikwe yake. Twende kwa yule adli msichana."

"Sasa hivi? Na mikate ya mchana?"

"Itasubiri."

Tulipopita mlangoni, Yamna aliinua macho kwenye vifungo vyake.

"Mnakwenda wapi, na moto unawaka?"

"Tunarudi sasa hivi, mama," akasema Hasnaa.

Yamna alitutazama mmoja mmoja. "Mnanificha kitu nyinyi wawili."

Tulikuwa tunamficha kweli, na tulitembea haraka ili asituone tukicheka.